Alifuta Kabla ya Kuzima

Fundi mmoja aliitwa kwenye seva ya desktopu ya mbali (RDP) ya ofisi moja, na lalamiko lilikuwa hili: mhasibu akiweka alamisho kwenye Chrome, dada wa mapokezi anaiona. Uchunguzi ulikuwa safi. Fundi alifungua chrome://version kwa watumiaji wawili, akakuta kila mmoja ana folda yake chini ya C:\Users. Akatazama akaunti pembeni: wote wameingia kwa Gmail moja ya ofisi. Mpaka hapo namvulia kofia.

Kisha akaharibu. Akiwa kwenye kipindi cha dada wa mapokezi, usawazishaji ukiwa bado umewashwa, akafungua kidhibiti cha alamisho, Ctrl+A, Delete. Alitaka kumwondolea viungo visivyo vyake. Jamani, kufuta nako husawazishwa! Amri ilipanda kwenye akaunti, ikashuka kwa kila aliyekuwa na Chrome wazi. Na kwenye seva za aina hii hao ni wengi kuliko wanaoonekana, kwani watu hubofya X ya dirisha la RDP wakaenda zao, kipindi kikabaki hai na Chrome ikiendelea kuchapa kazi. Mhasibu aliporudi, viungo vyake vya kodi na benki havipo.

Utaratibu unajulikana: zima usawazishaji, toa alamisho kwenye faili la HTML, nakili Bookmarks na Bookmarks.bak, ndipo uguse kitu. Hata baada ya kuteleza, palikuwa na pa kushika. Aliyekuwa ametoka kabisa kwenye seva, faili lake lilikuwa bado zima ndani ya AppData\Local\Google\Chrome\User Data\Default, na lingebaki hivyo hadi afungue Chrome. Ilitosha kulinakili kabla hajaingia. Fundi wetu akafanya kinyume: akawapigia simu wote waingie wajaribu.

Wapo waliochoka kunisikia, lakini narudia: akaunti moja kwa ofisi nzima ni uvivu unaojiita kubana matumizi. Mahali alamisho zinaposawazishwa, kwa kawaida na nywila zimo. Katika kazi yote ile, nani aliuliza habari za nywila?

Enzi za Internet Explorer, vipendwa vilikuwa folda ya mafaili ya .url, basi. Mafundi wa wakati ule waliielekeza kwenye seva ya mafaili kwa Group Policy; mtu akihama mashine, vyake vinamfuata yeye peke yake, na nakala rudufu ya usiku inavikuta. Kikifutwa, kinarudishwa kwa kunakili na kubandika. Microsoft walikistaafisha kivinjari kile tarehe 15 Juni 2022, na naona wengi walistaafisha pamoja nacho ile tabia ya kujua faili linakaa wapi.

Mwishoni fundi wetu aliweka sera ya SyncDisabled, na viungo vya ofisi nzima akaviingiza kwenye ManagedBookmarks. Vyema, ila sera ya kwanza ndiyo iliyopaswa kutangulia, dakika ileile alipoiona Gmail moja. Wala kazi haijaisha: kila nywila iliyohifadhiwa kwenye akaunti ile ibadilishwe, kuanzia ya benki.