Nathari na Utenzi katika Kitabu Kimoja

Hapa Mtumba, kama kwingineko Ugogoni, msimulizi wa hadithi hufika mahali akaacha kusema akaimba, na wasikilizaji humwitikia. Hakuna aulizaye kama ile ni hadithi au ni wimbo. Basi mtu akisema kwamba Maisha Yangu, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1949, hakina taratibu kwa kuwa kimechanganya nathari na tenzi, twamjibu hivi.

Nathari yake yasimulia: kazi, misiba, na safari ya Mpwapwa, katika mkoa wetu huu, alikohamishiwa kwa kazi ya serikali. Tenzi zake zausia: Utenzi wa Hati kwa binti yake, Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Mambo yaliyopita husimuliwa. Wasia hukaririwa, kwa hiyo wahitaji vina na mizani upate kukaa moyoni mwa mtoto.

Kasoro tuionayo ni moja: tenzi hizo ni ndefu, na masimulizi husimama kama msafara uliokosa maji. Hata hivyo, atakayeziondoa atabakiwa na habari za baba asiye na watoto. Yatupasa kuzisoma kwa sauti, kama ilivyo desturi ya tenzi.