Nyumba Isiyokubali Kupimwa

Binti wa dada yangu anajenga nyumba ya Homer Simpson. Hii ni wiki ya tatu na bado hajaridhika nayo. Kila jioni akitoka kazini hukaa kwenye kompyuta, gemu ya The Sims 4 upande mmoja wa skrini, picha ya katuni aliyoisimamisha upande wa pili, nami huvuta kiti nikakaa nyuma yake. Nimelelewa na fundi mwashi. Kukaa kimya mtu anapopima nilifundishwa mapema.

Nyumba yenyewe, namba 742 Evergreen Terrace katika mji wa Springfield, imo kwenye televisheni ya Marekani, katika mfululizo wa katuni wa familia ya Simpson, tangu Desemba 1989. Aliyeitazama mara chache tu anaweza kukueleza ilivyo: ghorofa moja, kuta za rangi ya waridi inayoelekea chungwa, gereji ubavuni, na madirisha mawili yaliyochomoza, moja huku na moja huku, mlango ukiwa katikati. Shida ni kwamba haikuchorwa na msanifu majengo. Wachora katuni huweka ukuta pale kichekesho kinapohitaji ukuta, na kesho yake wakauondoa bila kumwomba mtu radhi. Chumba hupanuka watu wakiwa wengi. Karatasi inavumilia hayo yote. Gemu haivumilii, maana ukuta wake mmoja una uso wa nje na uso wa ndani: ukisogeza dirisha ili mbele pakae vizuri, huko ndani kitanda kinakosa pa kuegemea.

Ardhi ya gemu imegawanywa miraba, na mraba mmoja humtosha mtu mmoja kusimama. Kuta za kawaida hufuata mistari ya miraba au huikata mshazari. Basi nikadhani yale madirisha ya mbele yangekuwa kazi ya nusu saa: mshazari huku, mshazari kule, katikati pameachwa miraba miwili. Akajenga hivyo hivyo. Kisha akaigeuza nyumba mpaka tukawa kama tumesimama barabarani, akatazama kitambo, akabomoa. Kwa miraba miwili dirisha lilikuwa jembamba kama la stoo. Akaweka mitatu, mlango ukabanwa. Akaurudisha mlango nyuma, ngazi iliyoko ndani ikakosa nafasi ya mtu kuishukia. Siku tatu nzima alikuwa hapo, anajenga na kubomoa, wala sikumsikia akisonya. Mwishowe akaongeza nyumba nzima mraba mmoja kwa upana.

"Lakini kwenye picha haiko hivyo," nikamwambia.

"Mjomba, hebu iangalie bila kuhesabu."

Nikaiangalia bila kuhesabu. Ilikuwa yenyewe.

Rangi nayo ilimchukua jioni mbili. Katika The Sims 3, ile ya mwaka 2009, mchezaji aliweza kukipaka kitu rangi yoyote aitakayo. Katika hii ya nne kila kitu huja na rangi zake chache zilizokwisha kuamuliwa, kama vitenge dukani: unachagua kilichopo. Waridi aliyoipata ilikuwa tamu mno mchana. Akachukua nyingine, imefifia kidogo na ina udongoudongo ndani yake. Peke yake haikufanana na kitu. Ila alipobadilisha fremu za madirisha na kuipa paa kahawia iliyokolea, ukuta ule ule ukaanza kung'aa. Mapazia ya jikoni, ambayo kwenye katuni yamechorwa mahindi, hakuyapata. Akatundika ya manjano na kuendelea. Kujua jambo la kuhangaikia siku tatu na jambo la kuliacha ndani ya dakika moja, hicho hasa ndicho kipaji chake.

Kuna waliowahi kuijenga kwa saruji na mbao. Mwaka 1997 kampuni moja ya ujenzi iliisimamisha huko Henderson, Nevada, iwe zawadi ya bahati nasibu. Wasanifu walitazama vipindi zaidi ya 100, na milango wakaifanya mirefu ili nywele za Marge, mke wa Homer, zipite. Mshindi alichagua fedha, dola 75,000. Simlaumu, mimi mwenyewe nisingelala katika nyumba ambayo kila apitaye njiani anaijua.

Hiyo ya Nevada haikupata familia yake. Hii ya mpwa wangu imeipata, na katika gemu hii familia ndiyo hupima nyumba. Will Wright, aliyebuni The Sims, aliunguliwa na nyumba katika moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991, na kule kuanza upya, kununua kitu kimoja kimoja, ndiko kulikompa wazo. Mwanzoni alitaka gemu ya kujenga nyumba tu. Watu waliingizwa baadaye wawe waamuzi: wakiishi humo kwa raha, nyumba ni nzuri. Gemu ilipotoka mwaka 2000, waamuzi ndio wakawa mchezo wenyewe.

Kwa hiyo jana aliwatia wote watano wa familia hiyo, akaondoa mkono kwenye kipanya. Homer alikwenda moja kwa moja jikoni na kukwama: meza ilikuwa imeziba njia ya friji. Akainua mikono, akalalamika kwa ile lugha yao isiyo na maana. Meza ikasogezwa. Akala. Lisa, binti yake, alipanda ngazi na kushuka bila tatizo, na hapo nilimwona mpwa wangu akipumua.

Baadaye Homer akaenda kukaa kwenye sofa, chini ya picha ya mashua, kama ile ya kwenye katuni. Mimi nikacheka, maana alikaa hasa kama yeye. Mpwa wangu hakucheka. Alisimamisha gemu, akainama karibu na skrini, akaishusha picha kidogo.