Kaburi Huchimbuliwa Mara Moja Tu

Kaburi la kale likishafukuliwa, halifukuliki tena. Mfupa utatunzwa kabatini na ushanga utawekwa chini ya kioo, lakini namna mfupa ulivyolala, rangi ya udongo uliouzunguka na nafasi kati ya ushanga na ushanga haviokoki visipoandikwa kabla ya mkono kugusa. Leo nachambua jinsi kaburi moja la jirani zetu wa kusini lilivyochimbuliwa, katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi. Nalichagua kwa sababu hapa Hola, kandokando ya Mto Tana, tunao udongo unaohitaji uangalifu uleule, na mara nyingi haupati.

Tuanzie mbali kidogo, Iraq ya kusini, katika mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kama Uru wa Wakaldayo. Mwingereza Leonard Woolley aliongoza uchimbuzi huko kuanzia 1922 hadi 1934, kwa niaba ya British Museum na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Msimu wa kwanza tu, dhahabu ya makaburi ikaanza kutokea katika handaki moja. Woolley akaliacha handaki lile. Vibarua wake walikuwa bado hawana mkono wa kazi hiyo, naye mwenyewe hakuwa ameijua vizuri historia ya mahali hapo. Alirudi makaburini msimu wa 1926. Subira ile ililipa: yalipatikana makaburi yapatayo 1,850, na 16 kati yake akayaita ya kifalme, ya miaka 4,500 hivi iliyopita. Mbao za vinubi vilivyozikwa humo zilikuwa zimeoza, zikaacha matundu matupu ardhini. Tundu lilipoonekana, plasta ilimiminwa ndani, ikaganda, na umbo la kinubi likatoka. Mchimbaji mwenye pupa angedhani ni shimo la panya, akapitisha sululu.

Plasta, kwa matumizi mengine, ndiyo iliyookoa kaburi la Panga ya Saidi.

Uchimbuzi wa pango hilo ulianza 2010, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Mwaka 2013 vilionekana vipande vidogo vya mifupa. Hakuna aliyevivuta. Shimo la kaburi lilikuja kufunuliwa lote mwaka 2017, mita tatu hivi chini ya sakafu ya sasa ya pango. Vijana wawili wa kuchimba choo hapa Hola wangefika kina hicho kwa muda mfupi sana, lakini wanaakiolojia hushuka tabaka kwa tabaka, kwa mwiko na brashi, huku wakichekecha udongo na kuandika kila kitu kimetoka wapi.

Walichokiona kilikuwa shimo la mviringo, lenye udongo tofauti na ule wa pembeni. Hiyo ni dalili kubwa. Mtu akichimba na kufukia, udongo wa tabaka mbalimbali huchanganyika, na mpaka wa shimo husomeka hata baada ya maelfu ya miaka. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa imeoza kiasi cha kutishia kugeuka unga. Ndipo ukafanywa uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha kazi yote: badala ya kutoa mfupa mmojammoja, watafiti walilivika plasta bonge zima, mifupa pamoja na udongo wake, wakalipeleka Nairobi. Wakati huo hawakuwa hata na hakika kwamba ni mifupa ya binadamu. Waliilinda kabla ya kujua thamani yake.

Nairobi, meno mawili yalijitokeza juu ya bonge, yakafanana na ya mtu. Bonge likasafirishwa hadi Burgos, Hispania, katika kituo cha taifa cha utafiti wa chimbuko la binadamu, ambako timu ya María Martinón-Torres iliendelea na uchimbuzi juu ya meza. Walitumia hadubini, na picha za eksirei zikaunganishwa kwenye kompyuta ili kuona ndani ya udongo pasipo kuupasua.

Hapo ndipo mpangilio ulipoanza kusema. Uti wa mgongo na mbavu vilikuwa bado vimeshikana kama vilivyokuwa katika mwili, maana yake mwili ulifunikwa mapema na haukutawanywa na wanyama. Kemia ya udongo ilionyesha kwamba mwili ulioza palepale. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yakikaribia kifua. Mfupa wa bega na mbavu za juu vilikuwa vimebanwa na kuzunguka kwa namna inayotokea mwili ukifungwa kwa kitu. Kichwa na shingo viliinama kana kwamba kilichokuwa chini yake kilioza na kuacha nafasi. Meno yalitaja umri wake: miaka miwili na nusu hadi mitatu.

Hapakupatikana uzi wa sanda wala kipande cha mto wa kulalia. Kwamba vyote viwili vilikuwapo ni hitimisho lililojengwa juu ya mahali mifupa ilipokaa, na lina nguvu kwa sababu mahali hapo palihifadhiwa. Msomaji aliyezoea kuona maiti akivikwa sanda na kulazwa ubavu wa kulia ataguswa, nami niliguswa. Lakini tusiwavishe watu wale imani zetu. Inatosha kwamba kuna aliyemjali mtoto yule.

Umri wa kaburi nao ulihitaji akili. Kipimo cha kaboni hufika miaka 50,000 hivi tu. Hapa ilipimwa chembe ya mchanga: ni lini iliguswa na mwanga kwa mara ya mwisho? Jibu lilikuwa miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021, na hilo likawa kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana ya binadamu wa aina yetu barani Afrika. Aliyezikwa humo akaitwa Mtoto.

Na pale penye makaburi mengi na vito? Tazama Lothagam North, magharibi mwa Ziwa Turkana, makaburi ya wafugaji wa miaka 5,000 hadi 4,300 iliyopita. Chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, inakadiriwa wamezikwa watu wasiopungua 580. Watafiti walichimba sehemu ndogo, wakapima iliyobaki kwa rada inayoona ardhini, wakaiacha. Kwa kuwa waliandika kila pambo lilikuwa kwa nani, waligundua kwamba karibu kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alizikwa na mapambo. Uru ya zama zilezile wakuu walizikwa pamoja na watumishi wao. Tofauti hiyo ya jamii mbili isingeonekana kama shanga zingekusanywa tu kwenye mfuko mmoja.

Sasa turudi nyumbani. Vyungu vyenye michoro ya pembetatu, vinavyopatikana kutoka Lamu hadi Zanzibar na kusini zaidi, wataalamu wameviita mtindo wa Tana, kwa jina la mto wetu. Wenje, kwenye mto huohuo, ilichimbuliwa na mwanaakiolojia George Abungu. Ungwana, karibu na Kipini, ilichimbuliwa na James Kirkman, na kitabu chake kikatoka 1966. Kati ya sehemu hizo kuna mashamba, mifereji na kingo zinazomegwa na mafuriko.

Hola, zaidi ya miji mingi, inajua uzito wa ushahidi wa mwili. Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa katika kambi ya hapa. Serikali ya kikoloni ilisema kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha vipigo. Ukweli ulipona kwa sababu kuna walioangalia na kuandika.

Kwa hiyo ukichimba kisima, choo au mfereji ukakuta mifupa, shanga au rundo la vigae, simamisha jembe. Usivitoe, usivioshe. Piga picha ukiweka kalamu kando ili ukubwa uonekane, andika kina na mahali, kisha funika kwa udongo uleule. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakutaka utoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kabla mvua au mkono mwingine haujafika.