Mshenga wa Mizeituni

Mwishoni mwa Mei, vilima vya Toscana, Italia, hujaa maua ya mizeituni. Ni maua madogo ya rangi ya maziwa, petali nne tu kila moja, na ukiutikisa mti chavua hutimka kama unga wa njano. Mgeni huona neema. Mkulima mzoefu huuliza kwanza: hii ni mizeituni gani, na jirani yake ni nani?

Ana sababu. Leccino, mojawapo ya aina za mizeituni, huzalishwa kwa vipandikizi, kwa hiyo shamba la Leccino elfu moja ni mti mmoja uliojirudia mara elfu, na mti huo haujioi. Chavua yake ikitua juu ya ua lake mwenyewe, hukwama kabla ya kulifikia yai. Mwaka 2017 wanasayansi walieleza kwamba aina za mizeituni zimegawanyika katika makundi mawili, na kila kundi hukataa chavua ya kundi lake. Ni mfano wa koo mbili: mtu haoi nyumbani kwao.

Wazee wa Toscana waliijua ndoa hiyo kwa macho kabla ya maabara. Katikati ya Leccino na aina nyingine, Moraiolo, walipanda Pendolino, mti wenye matawi yanayoning'inia, mwingi wa chavua. Huyo ndiye mshenga, ingawa naye hawezi kujitosheleza. Anachowapa wenzake hukihitaji kutoka kwao.

Kumweka mahali pake ndiyo kazi yenyewe. Mzeituni hautegemei nyuki bali upepo, basi mkulima huchunguza upepo wa Mei unatoka wapi, na mshenga husimama upande huo, karibu na wenzake. Pia huangalia kama aina hizo huchanua pamoja, maana ua hupokea chavua kwa siku chache tu. Mvua huilowesha chavua ikaanguka. Upepo wa joto huyakausha maua.

Na shamba likiwa limeshapandwa bila mshenga? Miti haing'olewi. Majira ya kuchipua, utomvu unapopanda na gome kulegea, fundi hukata tawi, hulipasua gome kwa ncha ya kisu bila kuujeruhi mti wa ndani, kisha huchomeka kijiti cha Pendolino kilichochongwa upande mmoja. Hufunga, huziba jeraha, huondoka. Kubebesha huko kutamlipa mkulima baada ya miaka kadhaa, tawi hilo geni litakapochanua ndani ya mti wa wenyewe.

Hata hapo, hesabu yake ni ya unyenyekevu: katika maua 100, moja au mawili yakishika tunda, mavuno ni mazuri. Ndiyo maana mwezi Juni, petali zikishadondoka, utamkuta amelishika tawi la Leccino, anatafuta kwa kidole vitone vya kijani vidogo kuliko pilipili manga. Akikipata kimoja, hutazama kwanza kule kwenye Pendolino.