Klachi Inaposhika: Juu ya Vitenzi katika Maelekezo ya Pikipiki

Istilahi za ufundi wa magari zimezoeleka kujadiliwa kana kwamba shida yote imo katika majina. Hutajwa chombo, hutafutwa jina lake, na jina likipatikana kazi huhesabiwa imekwisha. Twapenda kuonyesha, kwa mfano mdogo kutoka Mwanza, kwamba majina yaweza kuwa sahihi na msomaji akapotea vilevile.

Mfano wenyewe ni karatasi ya maelekezo ya pikipiki, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ambayo tuliisoma pamoja na dereva mmoja wa bodaboda katika gereji iliyo karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mchapishaji hatumtaji, kwa kuwa kosa hili ni la wengi. Sehemu iliyotushughulisha ni ile ya kukagua klachi kabla ya safari ndefu.

Neno "klachi" lenyewe halina ugomvi. Wapo wanaotamani lipatiwe mbadala wa asili ya Kibantu. Sisi hatuoni haja, maana fundi, mwalimu wa udereva na hata abiria wanalijua. "Sahani za msuguano" ni jambo jingine. Msuguano ni neno jema la darasani, bali sahani pale Kirumba ni ya kulia dagaa, na mafundi wote husema "pleti". Hilo lakini ni dogo.

Kosa kubwa limo katika kitenzi "kushika". Ndani ya klachi mna pleti zilizopangwa pamoja na kubanwa na springi. Zikibanwa, nguvu ya injini hupita hadi kwenye gia na tairi. Dereva akivuta mkono wa klachi, waya huondoa mbano wa springi, pleti huachana, naye hubadili gia. Sasa karatasi yetu yamwambia dereva ashike klachi ndipo abadili gia. Mistari michache baadaye yamwonya kwamba klachi isiposhika, injini itanguruma na mwendo usiongezeke. Katika agizo la kwanza anayeshika ni mtu, na matokeo yake ni pleti kuachana. Katika onyo la pili zinazotakiwa kushika ni pleti, na zitashika pale tu mtu anapoachia. Kitenzi kimoja, ukurasa mmoja, maana mbili zinazopingana! "Kuachia" kuna ugonjwa uleule: dereva huachia klachi ili pikipiki iondoke, na klachi isiyoachia ni ile inayoisukuma pikipiki mbele ingawa mkono umevutwa.

Dereva wetu alicheka, akasema yeye huelewa kwa mazoea. Mwenziwe hakuwa na mazoea hayo. Alikuwa mgeni katika kazi, akijiandaa kwenda Musoma, safari ya zaidi ya kilomita 200. Alisoma kwamba klachi isiposhika waya urekebishwe. Akaelewa kuwa waya ukazwe. Aliukaza hadi mkono haukuwa na nafasi hata kidogo. Waya uliokazwa hivyo huzizuia pleti kubanwa sawasawa, nazo huteleza na kuungua. Alivuka Magu, Lamadi hakuiona siku ile.

Hapa pana lawama ya pili. Nafasi inayotakiwa kubaki kabla mkono haujaanza kuvuta, ambayo kwa pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, karatasi imeiita "mchezo huru". Mfasiri amehamisha maneno akaacha maana. Lakini hata "ulegevu wa waya", ambalo wengi wetu tungelikimbilia, lina hatari yake. Kwa Mswahili ulegevu ni dosari, na dosari huondolewa. Kijana wa watu akiambiwa waya una ulegevu ataukaza. Twaona "nafasi ya mkono" yafaa zaidi, kwa kuwa nafasi ni kitu cha kuachwa.

Kuhusu vitenzi, dawa imo katika sarufi yetu wenyewe. Mtu na "avute" au "aachie" mkono wa klachi, neno "mkono" lisidondoshwe kamwe. Pleti nazo na "zishikane" au "ziachane". Kiambishi -an- kinamwondoa mtu katika tendo, na hakuna atakayedhani kwamba pleti zinashikana kwa vidole vya dereva. Basi "pleti hazishikani" itakuwa klachi inayoteleza, ambayo hujulikana haraka kwa kupanda mlima, tuseme kuelekea Bugando, kwa gia ya juu. Na "pleti haziachani" itakuwa klachi inayofanya gia ziwe ngumu kuingia.

Limebaki jambo la oili. Katika pikipiki nyingi za biashara klachi imo ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyozitelezesha pleti. Matini ya Kiingereza ilitaja alama JASO MA. Mfasiri, kwa kutopata Kiswahili chake, ameandika "oili inayofaa". Alama haifasiriwi. Ingenakiliwa herufi kwa herufi, maana ndizo herufi ambazo dereva atazitafuta kwenye kopo dukani.