Jamani, Sanlúcar!

Naandika vidole vikiwa bado na mafuta ya zeituni, maana sitaki ladha hii initoke kinywani kabla sijaisema. Tortillita de camarones ya baa ya Casa Balbino, pale uwanja wa Plaza del Cabildo, mjini Sanlúcar de Barrameda, ndicho kitafunio kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula nimesimama. Na hata nikihesabu nilivyokula nimekaa, sioni cha kukipita.

Sanlúcar iko kusini mwa Hispania, katika mkoa wa Cádiz, pale Mto Guadalquivir unapoingia Bahari ya Atlantiki. Wakazi wa Sevilla huja kupunga upepo hapa kiangazi. Mchana wanaoga baharini, jioni wanaoga tena majumbani, wanavaa nguo safi, kisha wanamiminika kwenye uwanja ule wenye mitende ya mapambo na chemchemi katikati, kuzungukia baa moja baada ya nyingine wakila visahani vidogo vidogo. Watoto wanacheza mpira miguuni mwa watu. Mabibi wamekaa na feni zao za mkononi. Kelele ni tele na kila mtu ana kitu mkononi cha kutafuna.

Sasa niwaambie kuhusu hiyo tortillita. Wanachukua uduvi, wale wadogo kabisa wa maji ya chumvi ya mlango wa mto, nao hawamenywi. Wanaingia wazima na magamba yao na masharubu yao. Wanatiwa kwenye rojo jepesi la unga wa dengu na unga wa ngano, pamoja na kitunguu na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Mpishi anachota kwa kijiko, anamwaga kwenye mafuta yanayochemka na hapo hapo anaitandaza kwa mgongo wa kijiko hadi inakuwa nyembamba ya kupitisha mwanga, yenye matundu matundu na kingo zilizochanikachanika. Mla bajia wa Mombasa au Unguja ataijua harufu ile kabla hajafika mlangoni, kwa kuwa dengu ikikutana na mafuta ya moto hunukia vile vile kokote. Ila hii haina tumbo la unga katikati, ni ukoko mtupu! Unauma, unavunjika, halafu bahari yote inakujaa mdomoni.

Pale Balbino hakuna anayekuja mezani kukuuliza unataka nini. Unajipenyeza hadi kaunta, unapaza sauti, unapokea sahani yako na kubeba mwenyewe mpaka nje. Nilipenda utaratibu huu kupita kiasi. Unakuweka bega kwa bega na wenyeji, unaona wanachoagiza, unanyoosha kidole na kusema nami nipatie hicho hicho. Ndivyo nilivyokutana na ortiguillas, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri anayenata kwenye miamba. Wanamvingirisha kwenye unga na kumkaanga. Nje anakauka, ndani anabaki laini kabisa, na ladha yake ni kali ya mwani na chumvi. Wapo watakaoshindwa. Mimi niliagiza sahani ya pili.

Jambo ambalo mgeni anapaswa kulijua mapema ni kwamba usishibe mahali pamoja. Agiza kitu kimoja au viwili, kula, lipa, hama. Chakula kinakuja kwa vipimo vya aina tatu: tapa ambayo ni ya kuonja, media ración ya watu wawili, na ración kamili ya kundi. Kila baa ina kitu chake inachojulikana nacho, na wenyeji wanapanga jioni yao kwa kufuata vitu hivyo. Hatua chache tu kutoka Balbino, kwenye uwanja uleule, ipo Barbiana, na pale watu hufuata viazi. Ndiyo, viazi! Wanaviita papas aliñás. Vinachemshwa, vinachanganywa vingali na joto na mafuta mengi ya zeituni, siki ya huko huko, kitunguu na majani, halafu juu yake vipande vya jodari. Viazi vya Sanlúcar hulimwa kwenye mashamba ya mchanga karibu na bahari, navyo hunywa mafuta na siki mpaka vikalainika bila kupondeka. Sikutegemea kusisimkwa na kiazi cha kuchemsha, lakini nilifuta sahani kwa mkate hadi ikang'aa.

Halafu kuna samaki wa kukaanga wa kila namna: gayogayo wadogo wanaoliwa kwa mkono, ngisi wadogo kama kucha, dome, na papa mdogo aliyelazwa kwenye siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba kabla ya kuingia kikaangoni. Huyu wa mwisho, cazón en adobo, ukimuuma moto siki inakupanda puani na bizari inafuata nyuma. Nimekula samaki wa kukaanga maisha yangu yote na sijaona mji unaokaanga kwa wepesi wa mkono namna hii. Hakuna sahani iliyobaki na dimbwi la mafuta.

Kinywaji cha hapa ni manzanilla, mvinyo mweupe mkavu wa zabibu za palomino, wenye kilevi cha asilimia 15. Kisheria lazima ukomae humu humu Sanlúcar. Ndani ya pipa, ambalo halijazwi hadi juu, hamira huota utando mweupe juu ya mvinyo na kuukinga na hewa, na upepo wenye unyevu kutoka baharini ndio unaoufanya utando huo uishi. Ukipita mitaani unasikia harufu ya maghala makubwa ya mvinyo yenye kuta nyeupe. Watengenezaji mvinyo wa Barbadillo wapo tangu mwaka 1821. Mvinyo wenyewe unaletwa baridi sana, una ladha ya chumvi kwa mbali, na ukiufuatisha na tortillita, loh! Kwa asiyekunywa kilevi, chakula hiki hakipungui utamu hata kidogo kwa maji baridi, lakini aangalie: mosto, ambayo kaskazini mwa Hispania ni juisi ya zabibu tu, huku ni mvinyo mchanga. Na kwa asiyekula nguruwe, huu ni mji wa kupumua, kwa sababu bahari ndiyo inayotawala sahani.

Kilichonisimamisha nywele ni kingine. Baharia Magellan aling'oa nanga hapa tarehe 20 Septemba 1519 na merikebu tano. Tarehe 6 Septemba 1522 ilirejea moja tu, Victoria, chini ya nahodha Elcano, na watu 18 waliokonda. Walikuwa wameizunguka dunia. Na tumboni mwa merikebu hiyo, shehena ilikuwa karafuu! Karafuu za visiwa vya Maluku, karibu miaka 300 kabla ya mkarafuu kupandwa Unguja. Nilisimama ukingoni mwa mto nikaitazama ile njia ya maji, nikawaza harufu iliyoingia mjini siku ile.

Ukingo wenyewe unaitwa Bajo de Guía, mtaa wa wavuvi wa zamani ambao sasa umejaa migahawa iliyojipanga ikitazama maji, Casa Bigote ikiwa maarufu kuliko yote. Ng'ambo hakuna nyumba, ni misitu na mchanga wa hifadhi ya Doñana. Hapa panaliwa kambamiti wa Sanlúcar, wenye mistari mwilini, waliochemshwa na chumvi basi. Hawahitaji ndimu wala sosi. Wana utamu wa sukari kabisa, na kichwa usikitupe, kinyonye. Wanauzwa kwa uzito na bei yake ni kubwa, kwa hiyo uliza kwanza, kisha agiza angalau robo kilo, maana utajuta ukichukua wachache. Ukibahatika kufika Agosti, maji yakitoka, farasi hushindana mbio kwenye mchanga wa ufuo wa Sanlúcar, desturi iliyoanza mwaka 1845, na watoto hujenga vibanda vyao vya maboksi vya kuchezea kamari ya senti.

Treni haifiki. Panda basi kutoka Sevilla, au treni hadi Jerez kisha basi. Chakula cha mchana kiko motomoto saa nane, cha usiku usikitafute kabla ya saa tatu. Anza Balbino, tortillita mbili kwa kila mtu, nenda Barbiana kwa viazi, shuka mtoni kwa kambamiti jua likizama, kisha panda tena uwanjani. Balbino watakuwa bado wanakaanga.