Ngoma ya Mwanzo Ipo, ya Mwisho Iko Wapi?

Kila siku tunahakiki "nafasi ya mwanamke", lakini mwanamke yupi? Rosa Mistika (1971) inatupa msichana. Utengano (1980) inatupa Maimuna na, ng'ambo ya pili, kizee Bi Farashuu. Wa katikati, wa miaka 45 hadi 55, ni mke au mama wa fulani tu. Mwili wake unaobadilika haumo. Hata huku Ugogo, wanawake hupiga muheme msichana anapochezwa unyago. Hedhi ikikoma, kimya.

Na kimya hicho kinaumiza. Hedhi inaruka miezi, au inakuja kwa fujo. Joto linapanda ghafla kifuani hadi usoni. Usiku jasho, usingizi hakuna, hasira ziko karibu. Mama anasema malaria imerudi, anameza dawa bila kupima. Jirani anasema karogwa. Mume anadhani kachukiwa. Kumbe ni safari ya miaka kadhaa, na hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. (Ikirudi baada ya hapo, ni hospitali, si mganga.)

Mgogoro gani tena waandishi wanautaka? Katika Nguzo Mama (1982) Penina Muhando aliwaleta jukwaani wanawake wazima wakihangaika kuisimamisha nguzo. Ningependa mwongozaji amwache mmoja wao aweke kazi chini kidogo, ajipepee kwa kanga.